Mwongozo kwa Aanzishaye Biashara ya Barua Ziandikwazo kwa Kalamu ya Mashine

Mwongozo huu umekusudiwa mtu wa Magu, kijana au mtu mzima, mwenye kompyuta mpakato, mwenye rasilimali ya kiasi, na mwenye azma ya kufungua duka litakalowaandikia watu barua kwa kalamu halisi na wino halisi, ilhali mkono uishikao kalamu hiyo ni wa mashine. Biashara ya namna hii ipo tayari duniani: kampuni iitwayo Handwrytten, ya jimbo la Arizona huko Marekani, ilianzishwa mwaka 2014, nayo huwaandikia wafanyabiashara na watu binafsi kadi na barua za shukrani kwa roboti zinazoshika kalamu. Wala wazo lenyewe si la jana. Kati ya 1768 na 1774 fundi saa wa Uswisi, Pierre Jaquet-Droz, pamoja na mwanawe Henri-Louis na mwenzao Jean-Frédéric Leschot, walitengeneza sanamu ya mtoto aketiye mezani, achovyaye unyoya katika wino na kuandika maneno yasiyozidi herufi 40, na sanamu hiyo imo hata leo katika jumba la makumbusho la mji wa Neuchâtel. Mwaka 1803 John Isaac Hawkins alipata hataza ya chombo chenye kalamu mbili, moja ikifuata mwendo wa nyingine, ambacho Rais Thomas Jefferson wa Marekani alikitumia kubakishia nakala za barua zake.

Huku kwetu, kazi ya kumwandikia mtu barua kwa ujira ni kongwe kuliko mashine yoyote. Mwandishi wa barua, aliyekaa na meza yake karibu na posta au mahakama, alikuwa mtu wa kuaminiwa na mji mzima, kwa kuwa alijua siri za nyumba nyingi na hakuzitoa. Atakayefungua duka hili leo mjini Magu amrithi mwandishi yule kabla ya kumwiga mfanyabiashara wa Arizona. Na urithi huo una sharti moja ambalo nitalirudia kwa kila njia katika kurasa hizi: katika barua mna mambo mawili, maneno na mwandiko, na mashine imepewa ruhusa ya kutoa hilo la pili tu. Maneno sharti yatoke kwa mwenye barua; na habari ya kuwa mwandiko ni wa mashine isifichwe. Ukilishika sharti hili, una biashara ya heshima itakayodumu. Ukilivunja, una hadaa, na hadaa katika mji mdogo haimalizi msimu mmoja wa pamba.

Kwanza: ijue haja ya watu wa mahali

Magu ni mji wa njiani na wa pwani ya ziwa kwa pamoja. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hupita humo, Ghuba ya Speke iko karibu, na nyuma yake zimetanda kata za wakulima wa pamba na mpunga na wafugaji wa ng'ombe. Mtu asidhani kwamba wakazi wa namna hii hawana haja ya barua. Habari za haraka zimechukuliwa na simu, na wewe usishindane na simu, kwani utashindwa siku ya kwanza. Lakini simu ilipozichukua habari za haraka iliiachia barua cheo kilichobaki, nacho ni cheo cha taadhima. Jambo zito lisilotaka haraka, ambalo mpokeaji atalitunza sandukuni na kulisoma tena baada ya miaka, bado linataka karatasi. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 ziliweza kuchapishwa kuwa kitabu kwa sababu zilikuwa karatasi, na aliyezipokea alizitunza.

Miongoni mwa barua hizo za taadhima, ya kwanza kwa faida na kwa heshima ni barua ya posa. Familia ya kijana huandika barua, ikaitia katika bahasha safi, aghalabu pamoja na fedha ya kishika uchumba, na mshenga akaipeleka nyumbani kwa wazazi wa binti. Barua hii husomwa mbele ya wazee, hupokezanwa mkono kwa mkono, na mwandiko wake hutazamwa kabla hata maneno hayajasikika. Ya pili ni barua za shukrani baada ya harusi au msiba. Kamati ya harusi iliyochangiwa na watu 150 hutuma ujumbe mmoja wa simu kwa wote, na kila mmoja huusoma kama tangazo. Kamati hiyo hiyo ikituma barua 150, kila moja na jina la mchangiaji na jambo alilolifanya, kila mmoja huona kwamba alikumbukwa. Ya tatu ni barua za taasisi: parokia inayowaandikia wafadhili wake wa ng'ambo, shule ya bweni inayowaalika wazazi kwenye mahafali, chama cha ushirika kinachomshukuru mwanachama aliyestaafu uongozi, kambi ya wageni upande wa magharibi wa Serengeti inayotaka kumwandikia mgeni aliyekwisha kurudi kwao Ulaya.

Kabla ya kununua chochote, zunguka kwa watu hawa na uwaulize. Nenda kwa wapambaji wa harusi, kwa makatibu wa parokia na misikiti, kwa walimu wakuu, hata Nyanguge na Kisesa. Usiwaulize kama wazo lako ni zuri, maana kwa adabu yetu watakujibu kuwa ni zuri. Waulize mara ya mwisho waliandika barua gani, nani aliwaandikia, na walilipa kiasi gani. Majibu ya maswali haya matatu ndiyo yatakayokuonyesha kama soko lipo.

Pili: chombo na matunzo yake

Mashine unayoihitaji huitwa plota ya kalamu. Umbo lake ni jepesi kueleweka: kuna mota mbili zinazosogea hatua kwa hatua, moja ikiupeleka mkono kulia na kushoto, nyingine mbele na nyuma, na kuna mota ndogo ya tatu inayoinua na kushusha kalamu. Mota hizo huongozwa na bodi ndogo ya elektroniki, mathalan ya Arduino, iliyotiwa programu huria iitwayo GRBL. Na barua yenyewe huandaliwa katika kompyuta kwa programu ya michoro, kama Inkscape, ambayo nayo ni huria na haina malipo. Mashine iliyokamilika ya kununuliwa ipo, ya aina ya AxiDraw iliyobuniwa na Evil Mad Scientist wa California, lakini gharama yake na usafirishaji wake huelemea mtaji wa anayeanza. Mwenye ujuzi wa kiasi anaweza kuiunda kwa vipande, akawaomba mafundi wa chuma wamkatie reli na vishikio. Na Mwanza kuna SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, ambalo kazi yake ni kuwashauri watu wa namna yako.

Mambo manne yatakusumbua, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni umeme. Ukikatika katikati ya barua, mashine husahau mahali ilipofika, na umeme urudipo hujidhania iko mwanzo wa karatasi, ikaandika mstari juu ya mstari. Usiwashe mashine bila UPS au inveta yenye betri itoshayo kumaliza walau karatasi iliyomo mashineni. La pili ni unyevu. Hewa ya ziwani wakati wa masika huingia katika karatasi, ikaikunja pembe, na kalamu ipitapo juu ya pembe iliyoinuka huchana au huruka. Weka karatasi zako katika sanduku lifungikalo barabara, utoe za siku hiyo tu, na kila karatasi ibanwe pembe zote nne. La tatu ni vumbi, ambalo hukaa katika reli na kuufanya mkono wa mashine utetemeke. Futa reli kila asubuhi kwa kitambaa kikavu kabla ya kazi. La nne ni kalamu yenyewe. Kalamu ya kawaida ya wino mzito hutaka kukandamizwa, na mashine nyepesi haina nguvu ya kukandamiza, ndiyo maana mistari hutoka iliyofifia. Kalamu ya wino wa jeli hutiririka kwa uzito wake mwenyewe, nayo ndiyo ya kuanzia. Nunua kalamu za aina moja, rangi ya samawati iliyoiva au nyeusi, nawe usichanganye katoni mbili tofauti katika kazi ya mteja mmoja.

Karatasi isiwe ile nyembamba ya kutolea nakala. Tafuta yenye uzito wa gramu 100 hadi 120, isiyong'aa, kwani karatasi ing'aayo huchelewa kunywa wino na mkono wa msomaji huufuta.

Tatu: mwandiko

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa kudhani kwamba fonti yoyote ya kompyuta itafaa. Fonti ya kawaida imeundwa kwa mipaka ya nje ya herufi, ili printa ijaze wino ndani yake. Kalamu ikipewa fonti hiyo huchora ukingo wa herufi pande zote mbili na kuacha tumbo wazi, na barua ikawa na herufi za mabomba. Kalamu inataka fonti ya mstari mmoja. Mzee wa fonti hizi ni Allen Hershey, mtaalamu wa maabara ya jeshi la maji la Marekani, ambaye mnamo 1967 alieneza seti za herufi zilizochorwa kwa mistari mitupu, nazo bado hutumika bure hadi leo. Zifanyie mazoezi, lakini usimuuzie mteja barua kwa herufi hizo, maana ni kavu na zote ni sawasawa. Na macho ya binadamu hata asiyesoma sana hutambua upesi kwamba herufi mbili zimefanana kupita kiasi.

Mtafute mtu mwenye mwandiko mzuri, mwalimu mstaafu mathalan, ukamwombe akuandikie kila herufi kwa namna kadhaa, kubwa na ndogo, pamoja na tarakimu na alama zote. Mlipe, na mwandikiane mkataba unaosema bayana kwamba anakukodisha mwandiko wake kwa kazi za duka lako tu. Maana mwandiko wa mtu ni sehemu ya nafsi yake, na kuuchukua pasipo idhini ni wizi hata kama hakuna sheria itakayokufuata. Kisha uipe programu yako kanuni ya kuchagua namna moja ya herufi kwa bahati, isirudie ile ile mara mbili mfululizo, ipandishe na kushusha mstari kidogo, na iache nafasi zisizolingana kabisa.

Jihadhari hapa na jambo moja la lugha yetu. Fonti nyingi za mwandiko zimetengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, ambamo herufi irudiayo sana ni e, na hivyo watengenezaji huipa e namna nyingi kuliko nyingine. Kiswahili hufunga karibu kila silabi kwa irabu, na irabu inayoongoza kwa wingi ni a. Andika maneno "wanawake walikaa pamoja" uhesabu: herufi a imeingia mara nane katika maneno matatu. Ukiwa na namna mbili tu za a, mstari huo utaonekana kama ushanga wa kiwandani. Kwa barua za Kiswahili mpe mwandishi wako kazi ya kuandika a kwa namna kumi au zaidi, na i na u kwa namna sita sita, ndipo uende kwenye herufi nyingine.

Tena kuna Kisukuma. Majina mengi ya huku huanza kwa ng' yenye alama yake: Ng'wandu, na hata kata ya Ng'haya. Katika fonti zilizotoka mbali alama hii huelea, ikaachana na g na kusogelea w, jina likasomeka kama limekatwa vipande viwili. Mchoree mwandishi wako ng' kuwa umbo moja lisilotengana, uliingize katika seti yako kama herufi ya pekee. Mzee akipokea barua ya posa ambayo jina la ukoo wake limeandikwa sawasawa, hata kwa alama yake ndogo ile, amekwisha kuheshimiwa kabla ya salamu. Na likikosewa, hakuna uzuri wa karatasi utakaolipa kosa hilo. Kwa hiyo jina lolote mwambie mteja alitamke, uliandike, kisha alithibitishe kwa macho yake au kwa macho ya mtu anayemwamini.

Nne: maneno

Mteja akija, usimkabidhi orodha ya barua zilizokwisha tungwa achague. Mketishe, umpe maji, umuulize maswali matatu: unamwandikia nani, amekutendea nini au unamwomba nini, na kuna jambo gani analolijua yeye na wewe tu? Jibu la swali la tatu ndilo barua yenyewe. Yaliyobaki ni salamu na adabu, ambayo wewe fundi unayajua na unaweza kuyaweka mahali pake.

Tazama tofauti. Familia iliyofiwa inataka kumshukuru jirani. Barua ya kukisia husema: "Tunakushukuru kwa mchango wako katika kipindi kigumu." Maneno haya yangeweza kwenda kwa mtu yeyote, na kwa hiyo hayajamfikia mtu yeyote. Uliza maswali yako, utaambiwa habari, na barua itakuwa: "Gunia la mpunga ulilolileta usiku ule, kabla mvua haijaanza, ndilo lililowalisha wageni wetu waliotoka Bariadi. Mama hakuweza kukuambia siku ile, anakuambia sasa." Mashine imeandika barua zote mbili kwa uzuri ule ule, lakini ya pili tu ndiyo itakayotunzwa. Kipimo utakachokitumia dukani ni hiki: barua isiyokuwa na sentensi hata moja inayomhusu mpokeaji peke yake isiingie mashineni.

Barua ya posa ina adabu yake, wala usijitie ndani yake kama mshauri mpya. Huanza kwa salamu kwa wazazi, hutaja familia inayotuma na mahali ilipo, hutaja kijana na binti kwa majina yao kamili, humtambulisha mshenga, na huomba jibu kwa unyenyekevu. Habari ya mahari haiandikwi humo. Hiyo ina wakati wake na wazee wake. Muulize mzee wa familia ya mteja kama kuna desturi ya nyumba yao inayopaswa kufuatwa, na ufuate.

Barua ikitungwa, isome kwa sauti mbele ya mteja. Kwa asiyejua kusoma, isome mara mbili, akiwapo mtu wake anayejua; kwani mteja ndiye mwenye dhamana ya kila neno, nawe huna haki ya kumtia kinywani neno asilolisikia. Akikubali, ndipo mashine iandike. Na saini aiweke kwa mkono wake mwenyewe, hata kama mkono wake unatetemeka, hata kama ni alama ya dole gumba. Usiifundishe mashine saini ya mtu, hata akikuomba na kukulipa.

Tano: amana na sheria

Nimetangulia kusema kwamba mashine isifichwe. Njia nyepesi ya kulitimiza hilo ni kuchapa nyuma ya bahasha, kwa herufi ndogo zisomekazo, jina la duka lako na maneno haya: "Maneno ya mwenye barua, mwandiko wa mashine." Wako watakaokuambia kwamba maneno haya yataipunguzia barua thamani. Mimi naona kinyume: mpokeaji anayejua kwamba mwenzake alikuja dukani, akaketi, akaeleza habari zake, akalipa, na akatia saini, anajua pia kwamba alikumbukwa kwa kusudi, naye aliyedanganywa akagundua baadaye hataisadiki tena barua yoyote.

Kuna barua za kukataa bila kusitasita. Waajiri wengine hutaka barua ya maombi ya kazi iandikwe kwa mkono wa mwombaji. Kusudi lao ni kuuona mkono wake, na mashine yako ikiandika, mwombaji amewadanganya na wewe umemsaidia. Kadhalika hati ya mahakama, wasia, barua ya mwanafunzi anayetakiwa aandike mwenyewe, na barua yoyote inayodai kuwa ya mtu asiyekuwapo. Kughushi nyaraka ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na hakimu hataangalia kama kalamu ilishikwa na vidole au na chuma.

Barua hukusanya siri na anwani za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu kila akusanyaye na kuchakata taarifa za watu, nayo imeweka Tume ambayo hao hupaswa kujisajili kwayo. Weka taarifa unazozihitaji tu, weka nywila katika kompyuta, futa maandishi ya barua baada ya muda mliokubaliana na mteja, na karatasi zilizoharibika zichomwe au zichanwe siku hiyo hiyo, zisifungiwe karanga sokoni.

Kwa upande wa usajili, jina la biashara huandikishwa BRELA kwa njia ya mtandao, namba ya mlipakodi hupatikana TRA, na leseni ya biashara hutolewa na halmashauri ya wilaya. Angalia jambo moja lisilojulikana na wengi: kusafirisha barua na vifurushi vya watu kwa ujira ni huduma yenye leseni yake kutoka TCRA, chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010. Kwa hiyo wewe andika, na usafirishaji uwaachie wenye leseni.

Sita: kufikisha barua

Posta ya nchi yetu huwafikia watu wengi kwa sanduku, wala si kwa kubisha hodi. Na sanduku moja la shule, la zahanati au la parokia huweza kuwa la watu mia. Kwa hiyo juu ya bahasha andika jina kamili la mpokeaji, kisha "kupitia kwa" na jina la mwenye sanduku, ndipo namba ya sanduku na mji. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa na nyumba nyingi zimepewa majina na namba, na postikodi zinatumika. Mteja akiijua anwani ya makazi ya mpokeaji, iandike pamoja na sanduku. Barua yenye haraka au yenye thamani ipelekwe kwa EMS, uihifadhi risiti na kumpa mteja namba yake.

Barua ya posa haiendi posta kabisa. Mshenga huichukua dukani. Mkabidhi ikiwa ndani ya bahasha ya pili, ya kaki, ili ile nyeupe isishike vumbi la pikipiki njiani. Na uwe na daftari la kutolea: tarehe, jina la mteja, idadi ya barua, aliyechukua, na saini yake. Daftari hilo siku moja litakuokoa katika mzozo.

Saba: hesabu

Bei yako isipangwe kwa kutazama uso wa mteja. Chukua mfano huu wa kukokotoa, uweke tarakimu za kwako. Tuseme karatasi na bahasha ni shilingi 800, wino 100, umeme na uchakavu wa mashine 600, na ujira wa mtu anayesikiliza, anayetunga na anayekagua 1,500. Jumla ni 3,000. Kwa kila barua kumi zinazouzwa tuseme moja huharibika, basi ongeza 300, na gharama ya kweli imekuwa 3,300. Ukiuza kwa 5,000, stempu ikiwa juu ya mteja, umebakiwa na 1,700. Kodi ya chumba ikiwa 100,000 kwa mwezi, barua 58 hazitoshi kuilipa. Ya 59 ndiyo inayoimaliza, na faida yako kamili huanza na ya 60. Mfanyabiashara asiyeijua namba hii yake hajui kama anakula faida au anakula mtaji.

Hesabu ya wakati ni muhimu vile vile. Mashine ikiandika ukurasa kwa dakika 12, na mtu akahitaji dakika 8 za kubadili karatasi, kukagua na kukunja, barua moja imekula dakika 20, na siku ya saa nane haizidi barua 24. Kamati ya harusi ikikujia Ijumaa ikitaka barua 150 Jumatatu, jibu la kweli ni kwamba haiwezekani. Kazi hiyo ni ya siku saba. Itamkie kamati siku nane, upokee nusu ya malipo kwanza kwa simu, na umalize siku ya saba.

Kila barua ikaguliwe na jicho la mtu, kuanzia jina la mpokeaji. Barua 150 zilizopangwa kwa orodha zina hatari moja kubwa kuliko zote, nayo ni mstari mmoja kuruka, na kila mtu akapata bahasha yenye jina lake na ndani mna shukrani za mwenziwe. Linganisha bahasha na barua moja moja wakati wa kuzitia, mtu mmoja akisoma jina la bahasha kwa sauti na wa pili akisoma la barua.

Nane: mwenendo wa mwaka wa kwanza

Mwezi wa kwanza usifungue mlango. Andika barua za majaribio mpaka uweze kutoa ishirini mfululizo zisizo na doa. Mwezi wa pili wachukue wateja wachache unaowafahamu, kwa bei kamili, kwa sababu aliyepewa bure hakuambii makosa. Tangu wa tatu fuata kalenda ya mahali: baada ya mauzo ya pamba na mavuno ya mpunga fedha huwapo mikononi na harusi huongezeka, Desemba watu wa Magu walio Dar es Salaam na kwingineko hurudi nyumbani, na barua za posa hurudi nao. Usinunue mashine ya pili mpaka ya kwanza iwe na kazi ya kutosha siku nne za kila juma kwa miezi mitatu. Fedha ya mashine ya pili ikiwa tayari kabla ya hapo, itumie kumwajiri msikilizaji mzuri, mwanamke au mwanamume mwenye subira, anayejua Kiswahili fasaha na Kisukuma. Maana mashine zitazidi kuwa rahisi na jirani yako ataweza kununua kama yako kesho, bali mtu wa kuketi na mzee kutoka Ng'haya, akamsikiliza mpaka akalipata lile neno lililomleta, hauzwi dukani, naye ndiye atakayewafanya watu waendelee kuja kwako.